Ukarabati wa Tomorrowland (Disneyland)

Ukarabati wa Tomorrowland ni mfululizo wa kazi za kubomoa, kujenga upya na kubadilisha eneo la Tomorrowland (maana yake "Nchi ya Kesho") katika bustani ya burudani ya Disneyland, iliyopo mjini Anaheim, jimbo la California, nchini Marekani. Eneo hilo lilifunguliwa mwaka 1955 likiwa na lengo la kuwaonyesha wageni maisha ya siku zijazo. Kwa sababu hiyo huzeeka haraka kuliko maeneo mengine ya bustani: kila teknolojia inayoonyeshwa humo kama jambo la kesho hugeuka kuwa jambo la jana baada ya miaka michache.

Tomorrowland imefanyiwa ukarabati mkubwa mara mbili, mwaka 1967 na mwaka 1998. Ukarabati wa kwanza huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi bora za kampuni ya Disney. Ule wa pili hutajwa mara nyingi kama mfano wa hatari za kukarabati eneo la zamani kwa bajeti ndogo: kivutio chake kikuu kilifungwa baada ya miaka miwili tu, na njia yake ya juu imebaki tupu hadi leo.

## Usuli

Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 chini ya uongozi wa mwanzilishi wake, Walt Disney. Iligawanywa katika maeneo kadhaa, kila moja likiwa na mandhari yake: mji mdogo wa Marekani wa zamani, msitu wa tropiki, nchi ya hadithi, mpaka wa magharibi, na nchi ya kesho. Tomorrowland ilikusudiwa kuonyesha maisha ya mwaka 1986.

Eneo hilo lilikuwa la mwisho kukamilishwa, na fedha zilikuwa zimekaribia kwisha. Walt Disney alifikiria kuahirisha ufunguzi wake, kisha akaamua lifunguliwe lilivyo. Maputo na bendera vilitumika kuficha sehemu ambazo hazijakamilika. Majengo mengi yalijazwa maonyesho ya kampuni zilizolipia nafasi hizo, kama vile kampuni ya kemikali ya Monsanto na kampuni ya alumini ya Kaiser. Vivutio vilivyokuwepo mwanzoni ni pamoja na Autopia, yaani barabara ndogo ambako watoto huendesha magari ya petroli, na Rocket to the Moon, safari ya kuigiza ya kwenda mwezini.

Mwaka 1957 iliongezwa Nyumba ya Kesho ya Monsanto, iliyojengwa kwa plastiki. Mwaka 1959 zilifunguliwa nyambizi na treni ya reli moja (monoreli). Monoreli ilizinduliwa na Richard Nixon, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, akiwa pamoja na familia yake.

## Ukarabati wa 1967

Katikati ya miaka ya 1960 Walt Disney aliamua kuijenga Tomorrowland upya. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966 kabla ya kazi kukamilika, na eneo jipya lilifunguliwa tarehe 2 Julai 1967.

Sehemu kubwa ya majengo ya zamani ilibomolewa. Nyumba ya Kesho ndiyo iliyosumbua zaidi: tufe la chuma la kubomolea lilidunda kwenye kuta zake za plastiki, na kazi iliyotarajiwa kuchukua siku moja ilichukua takriban wiki mbili. Msingi wake wa zege uliachwa mahali pake.

Vivutio vikuu vya eneo jipya vilikuwa hivi:

* PeopleMover: treni ndogo za mwendo wa polepole zilizopita juu ya eneo lote na kuingia ndani ya majengo kadhaa. Magari yake hayakuwa na injini. Yalisukumwa na magurudumu ya mpira yaliyofungwa ndani ya njia yenyewe na kuzungushwa na mota za umeme. Safari ilichukua takriban dakika 16. Mdhamini wake alikuwa kampuni ya matairi ya Goodyear.
* Carousel of Progress: onyesho la sanamu zinazosogeza viungo na kuongea, lililohamishwa kutoka Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964–1965. Lilikaa katika jengo la duara ambalo kumbi zake za watazamaji huzunguka jukwaa lililosimama katikati. Mdhamini alikuwa General Electric.
* Adventure Thru Inner Space: safari ya kuigiza ya kuingia ndani ya atomu, iliyodhaminiwa na Monsanto.
* Rocket Jets: roketi zinazozunguka mnara, zilizowekwa juu ya jukwaa refu katikati ya eneo, juu ya kituo cha PeopleMover.

Mafanikio ya ukarabati huu huelezwa kwa sababu tatu. Kwanza, majengo na njia vilisanifiwa kwa pamoja, hivyo kila kivutio kilikaa katika jengo lililotengenezwa kwa ajili yake. Pili, kampuni wadhamini zilibeba sehemu ya gharama. Tatu, mwendo wenyewe ulikuwa mapambo: mgeni aliyesimama katikati ya eneo aliona treni, roketi, monoreli na nyambizi vikipita kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, muundo huo uliacha tatizo kwa vizazi vilivyofuata. Kwa kuwa njia ya PeopleMover ilipita juu ya vivutio vingine au ndani yake, ilikuwa vigumu kubadilisha sehemu moja bila kugusa nyingine.

## Mabadiliko kati ya 1973 na 1997

Carousel of Progress ilifungwa mwaka 1973 na kuhamishiwa Walt Disney World, jimbo la Florida. Jengo lake la duara lilipewa onyesho jipya la muziki, America Sings, lililofunguliwa tarehe 29 Juni 1974. Siku chache baadaye, tarehe 8 Julai, mfanyakazi kijana mwenye umri wa miaka 18 alifariki baada ya kubanwa kati ya ukuta unaozunguka na ukuta uliosimama. Onyesho lilifungwa kwa muda, taa za tahadhari zikawekwa, na baadaye kuta za sehemu hiyo zikabadilishwa ziwe za kuachia zinapogongwa. Tukio hilo lilionyesha kwamba kutia onyesho jipya katika mashine ya zamani kunahitaji kukaguliwa upya kwa mashine yote, hata kama imefanya kazi miaka mingi bila tatizo.

Mwaka 1977 ilifunguliwa Space Mountain, treni ya kasi inayokimbia gizani ndani ya jengo kubwa jeupe lenye umbo la koni. Mwaka 1986 lilifuata onyesho la filamu ya Captain EO ya Michael Jackson, na mwaka 1987 Star Tours, iliyotengenezwa pamoja na George Lucas. Vyote vitatu vilipendwa sana, lakini havikulifanya eneo zima kuwa jipya.

Wakati huohuo vivutio vya zamani vilikuwa vikifungwa kimoja kimoja. America Sings ilifungwa mwaka 1988, na sanamu zake nyingi zikahamishiwa Splash Mountain katika sehemu nyingine ya bustani. Safari ya kuigiza ya kwenda Mars ilifungwa mwaka 1992, Skyway (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya) mwaka 1994, na PeopleMover mwezi Agosti 1995. Jengo la duara lilikaa miaka kumi bila onyesho. Hivyo gharama ya kutofanya lolote ilionekana waziwazi: eneo lilipoteza uwezo wa kupokea wageni hata kabla ya ukarabati kuanza.

## Mpango wa Tomorrowland 2055

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wabunifu wa Walt Disney Imagineering waliandaa mpango mkubwa ulioitwa Tomorrowland 2055. Ungeligeuza eneo lote kuwa bandari ya anga inayotembelewa na viumbe kutoka sayari nyingine.

Mpango huo uliachwa baada ya bustani ya Euro Disney, iliyofunguliwa karibu na Paris tarehe 12 Aprili 1992, kuingia katika matatizo makubwa ya fedha. Kampuni ilipunguza matumizi katika bustani zake zote. Tomorrowland iliendelea kuhitaji matengenezo, lakini sasa kwa bajeti ndogo zaidi.

## Ukarabati wa 1998

Eneo lililokarabatiwa lilifunguliwa tarehe 22 Mei 1998. Kiongozi wa ubunifu alikuwa Tony Baxter. Badala ya kujaribu kutabiri teknolojia ya kesho, wabunifu walichagua kuonyesha kesho kama ilivyofikiriwa na watu wa zamani, kwa mfano mwandishi Mfaransa Jules Verne. Wazo hilo lilikuwa limetumika tayari katika eneo la Discoveryland kule Paris. Faida yake ilikuwa dhahiri: kesho ya kuwaziwa haiwezi kupitwa na wakati.

Majengo meupe yalipakwa rangi ya shaba, dhahabu na kijani cheusi, pamoja na Space Mountain. Katika bustani za maua ilipandwa mimea inayolika, kama michungwa na mboga, ili kuonyesha kwamba siku zijazo hata pambo litakuwa chakula.

Rocket Jets ziliondolewa, na badala yake Astro Orbitor ikajengwa chini, mlangoni mwa eneo. Jukwaa refu la zamani liliachwa katikati likiwa na sanamu ya chuma inayozunguka. Jengo la duara lilipewa maonyesho ya teknolojia yaliyoitwa Innoventions. Captain EO ilibadilishwa na filamu nyingine ya pande tatu.

### Rocket Rods

Kivutio kikuu kilikuwa Rocket Rods, magari ya kasi yaliyopita katika njia ileile ya PeopleMover. Safari iliyokuwa ya takriban dakika 16 sasa ilikuwa ya dakika 3 hivi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Njia ya PeopleMover ilijengwa mwaka 1967 kwa magari mepesi yaendayo polepole, na kona zake zilikuwa tambarare. Gari la kasi linahitaji kona zilizoinamishwa upande mmoja, kama kona za barabara kuu au za reli. Bajeti haikuruhusu njia kujengwa upya. Kwa hiyo kila gari lilipaswa kukimbia katika sehemu iliyonyooka, kufunga breki kabla ya kona, kisha kuongeza mwendo tena, mara nyingi katika safari moja. Matairi yaliisha haraka, mitambo ikachoka, na magari yakasimama njiani mara kwa mara.

Kivutio kilifungwa kwa miezi kadhaa katika majira ya joto ya mwaka huohuo wa 1998, wakati ambao wageni huwa wengi zaidi. Kilipofanya kazi, foleni yake ilikuwa ndefu sana. Kilisimama mwezi Septemba 2000, na mwaka 2001 ikatangazwa kwamba hakitarudi.

### Nyambizi

Mwezi Septemba 1998, miezi michache tu baada ya ufunguzi, safari ya nyambizi ilifungwa. Hapakuwa na kivutio kingine kilichokuwa tayari kuchukua nafasi yake. Ziwa lake lilikaa bila kazi kwa karibu miaka tisa.

Kwa kujumlisha, kati ya mwaka 1994 na 2000 Tomorrowland ilipoteza Skyway, PeopleMover, nyambizi na Rocket Rods. Vyote vilikuwa vyombo vya mwendo vilivyoonekana na kila aliyepita. Eneo lililosifiwa mwaka 1967 kwa mwendo wake lilibaki kimya.

## Marekebisho ya baadaye

Marekebisho yaliyofuata hayakuligusa eneo zima kwa pamoja, bali yalifanywa kivutio kimoja baada ya kingine.

Space Mountain ilifungwa mwaka 2003 na kurudi mwezi Julai 2005 ikiwa na reli mpya kabisa. Nje ilipakwa tena rangi nyeupe. Mwaka 2005 pia ilifunguliwa Buzz Lightyear Astro Blasters, katika jengo lililokuwa limetumika kwa foleni ya Rocket Rods. Nyambizi zilirudi tarehe 11 Juni 2007 zikiwa na hadithi ya filamu ya Finding Nemo. Maumbo ya nyambizi za zamani yalitumika tena, lakini injini za dizeli ziliondolewa na kuwekwa mota za umeme. Star Tours ilifanywa upya mwaka 2011.

Captain EO ilirudishwa mwaka 2010, baada ya kifo cha Michael Jackson mwaka 2009, na kuonyeshwa hadi 2014. Kurudi huko kuliwezekana kwa sababu ukumbi wake ulikuwa bado upo. PeopleMover haikupata bahati hiyo: njia ilibaki, lakini mitambo ya kuendesha treni haikuwepo tena.

## Hatari za ukarabati

Historia ya Tomorrowland huonyesha hatari kadhaa ambazo wenye bustani za burudani hulazimika kuzipima kabla ya kuanza kazi.

Miundombinu ya zamani. Kutumia tena njia au jengo lililopo hupunguza gharama ya mwanzo, lakini kivutio kipya hulazimika kufuata mipaka ya kile cha zamani. Rocket Rods ni mfano wa kushindwa. Nyambizi za 2007 ni mfano wa kufanikiwa, kwa kuwa kazi ya nyambizi haikubadilika: ziliendelea kwenda polepole katika ziwa lilelile.

Uwezo wa kupokea wageni. Kivutio kinapofungwa, wageni wake huhamia foleni nyingine. Kufunga vivutio vingi kwa pamoja hujaza bustani iliyobaki. Kufunga kimoja kimoja huongeza miaka ya kazi na huacha eneo likiwa na mandhari mchanganyiko.

Bajeti inayokatwa katikati. Mpango uliochorwa kwa fedha nyingi, kisha ukatekelezwa kwa fedha chache, huweza kuwa mbaya kuliko mpango uliokusudiwa kuwa mdogo tangu mwanzo. Mara nyingi kinachokatwa ni kile kisichoonekana na mgeni, kama uimara wa njia na mitambo, na ndicho kinachoamua kama kivutio kitadumu.

Usalama. Ajali ya 1974 ilitokea katika jengo lililokuwa limetumika kwa miaka sita na onyesho lingine. Aidha, jengo la zamani linapofanyiwa mabadiliko makubwa huweza kutakiwa kufikia kanuni za sasa za ujenzi, za kuokoa watu wakati wa dharura na za watu wenye ulemavu. Hilo hugeuza kazi ndogo kuwa kubwa.

Kumbukumbu za wageni. Wakazi wengi wa California wametembelea Disneyland tangu utotoni na hurudi na watoto wao. Kwao kivutio kilichochakaa bado kina thamani. Kikibomolewa na mbadala wake ukashindwa, bustani hupoteza vyote viwili.

Hatari ya kuacha ilivyo. Kutokarabati nako kuna gharama. Vipuri huadimika, matengenezo huwa ghali, na vivutio hufungwa bila mpango, kama ilivyotokea kati ya 1988 na 1995.

## Ulinganisho na bustani nyingine

Katika Magic Kingdom, jimbo la Florida, Tomorrowland iliyofunguliwa mwaka 1971 ilikarabatiwa mwaka 1994 kwa mandhari ya mji wa kesho wa hadithi za kubuni. Huko treni ya juu inayofanana na PeopleMover haikuondolewa, na inafanya kazi hadi leo. Carousel of Progress nayo imedumu huko tangu 1975.

Disney California Adventure, iliyopo jirani na Disneyland, ilifunguliwa mwaka 2001 na kukosolewa kwa kuwa na vivutio vichache. Mwaka 2007 ulitangazwa ukarabati wa dola bilioni 1.1, uliokamilika mwezi Juni 2012 kwa kufunguliwa kwa Cars Land. Idadi ya wageni iliongezeka sana. Tofauti na Tomorrowland ya 1998, sehemu hiyo kuu ilijengwa upya kabisa mahali palipokuwa na maegesho ya magari, hivyo haikuhitaji kufungwa kwa kivutio chochote kikubwa.

Tokyo Disneyland ilichagua njia ya tatu. Space Mountain yake ilifungwa mwezi Julai 2024 ili ibomolewe na kujengwa upya pamoja na uwanja unaoizunguka. Ufunguzi umepangwa mwaka 2027, na bajeti iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa takriban yeni bilioni 56. Njia hiyo ni ghali na bustani hukosa kivutio chake kwa miaka mitatu, lakini huondoa tatizo la kulazimisha kitu kipya katika umbo la zamani.

## Hali ya sasa

Njia ya PeopleMover bado imesimama juu ya Tomorrowland, miaka zaidi ya 25 tangu gari la mwisho lipite. Kwa kuwa imeungana na majengo yenye vivutio vinavyotumika, kuiondoa kutahitaji kufunga baadhi ya vivutio hivyo kwa muda. Na kuirudishia treni kutahitaji mitambo mipya yote.

Mwezi Mei 2024 Baraza la Mji wa Anaheim liliidhinisha mpango wa DisneylandForward, ambao unaitaka Disney iwekeze angalau dola bilioni 1.9 katika eneo la mapumziko la Disneyland ndani ya miaka kumi. Mwaka huohuo kampuni ilitangaza nia ya kuondoa injini za petroli katika magari ya Autopia, kivutio pekee cha Tomorrowland kilichobaki tangu siku ya ufunguzi mwaka 1955.

## Tazama pia

* Disneyland
* Walt Disney
* Walt Disney World
* Anaheim, California
* Jules Verne